Fangasi hawachori pembe: kisa cha mfugaji wa Rungwe, kitunguu saumu na mafuta ya karafuu

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia katika vyumba vya matibabu vya nyanda za juu kusini. Mgonjwa si mtu mmoja wa kutambulika, ila kila kosa lililomo hufanywa kweli, na baadhi hufanywa kila wiki. Swali linalokibeba ni hili: dawa ya mmea ikipakwa pamoja na dawa ya fangasi ya dukani, zinasaidiana, au mtu anajiumiza mara mbili?

Alivyofika

Mwanaume wa miaka 41, mkulima wa migomba na mwenye ng'ombe wanne wa maziwa, juu kidogo ya Tukuyu, wilayani Rungwe mkoani Mbeya, ambako mvua haikai mbali, na shati lililofuliwa leo huvaliwa keshokutwa likiwa bado bichi mishononi. Mkono wa kulia, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, una mabaka mawili makubwa. Kingo zake hazieleweki, katikati kuna wekundu wa kung'aa, na kwenye vinyweleo vimejaa vipele vyenye usaha. Juu ya baka moja kuna kidonda kibichi chenye pande nne zilizonyooka, karibu sentimita 7 kwa 5.

Hizo pande nne zilieleza nusu ya kisa kabla mgonjwa hajasema neno. Fangasi wa ngozi hutanuka kwa duara kutoka katikati. Ndiyo maana watu wakauita ugonjwa mashilingi. Hawachori pembe. Pembe huchorwa na kitu kilichofungwa juu ya ngozi, na hapa kilikuwa kitambaa cha kitenge kilichokunjwa.

Ilianza wiki tisa nyuma kwa duara dogo linalowasha. Duka la dawa muhimu lilimpa krimu ya mseto yenye klotrimazoli (ya fangasi), gentamisini (ya bakteria) na betamethasoni (steroidi inayotuliza muwasho na wekundu). Muwasho ulikatika siku ya tatu, akasifu dawa, akaendelea kupaka kwa wiki tano huku baka likipanuka taratibu bila kuuma. Alipoacha, likarudi kwa hasira. Hapo jirani akamwelekeza kitunguu saumu: punje sita, ziponde na chumvi, funga usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na malengelenge. Alipopata nafuu kidogo akanunua chupa ya mafuta ya karafuu, akawa anadondosha matone matano kiganjani, anachanganya na ile krimu, anapaka asubuhi na jioni.

"Dokta, nimechanganya ya hospitali na ya wazee. Mbona zote zimegoma?"

"Baba, kabla sijakujibu, niambie kwanza kuhusu ng'ombe. Kuna ndama mwenye magamba usoni?"

Alikuwapo. Amenunuliwa miezi mitatu iliyopita, ana magamba ya kijivu yaliyonenepa kuzunguka macho na shingoni, kama majivu yaliyogandishwa kwa uji. Mkono wa kulia ndio unaomshika kichwa wakati wa kumnywesha maziwa.

Sampuli ya kwanza ilidanganya

Ukwaruzaji wa kwanza ulichukuliwa katikati ya baka, pembeni mwa kidonda, juu ya ngozi iliyopakwa asubuhi ile. Jibu: hakuna fangasi. Makosa yalikuwa mawili. Katikati ya baka ndipo fangasi huwa wachache zaidi, na ngozi iliyoungua huwa imekwisha kumwaga tabaka la juu wanamoishi. Halafu mafuta: matone yake chini ya hadubini hung'aa kama mbegu za fangasi na kufunika kila kitu.

Sampuli ya pili ilifuata utaratibu. Ngozi ilifutwa kwa spiriti ya asilimia 70, ikaachwa ikauke. Kisu butu cha upasuaji kikakwaruza ukingo wa nje kabisa, mpaka mahali ngozi inapoanza kuwa nzima. Vinyweleo vitano kutoka kwenye vipele vikang'olewa kwa koleo dogo, kwa kuwa kwenye vipele vya usaha fangasi wako kwenye unyweleo zaidi ya gamba. Tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 20, kioo cha kufunika, dakika 15 za kusubiri. Unaanza na lenzi ya 10, mwanga umepunguzwa, kisha ya 40. Magamba yalijaa nyuzi zenye vyumba zinazokatiza mipaka ya seli, na unyweleo mmoja ulikuwa umevikwa mbegu kubwa kwa nje kama shanga. Wingi huo si ajabu. Betamethasoni hulaza ulinzi wa ngozi, mgonjwa akaacha kujikuna, na fangasi wakapata shamba lisilo na mlinzi.

Sampuli ya kuotesha ilirudi na jibu "hakuna kilichoota" baada ya siku 14 kwenye joto la nyuzi 28 za Selsiasi. Kwa fangasi wengi wa ngozi joto hilo linatosha. Kwa Trichophyton verrucosum, fangasi wa ng'ombe, halitoshi. Huyu hupenda nyuzi 37, wengi wao huhitaji chakula kilichoongezwa thiamini, na huota polepole kiasi kwamba sahani haifai kutupwa kabla ya wiki nne. Fomu iliyosema tu "fangasi wa mkono", bila neno "ng'ombe", ndiyo iliyoipeleka sahani kwenye joto lisilofaa. Sampuli iliyorudiwa kwenye nyuzi 37 ilitoa vifungo vidogo vyeupe vilivyovimba wiki ya nne, wakati mgonjwa yuko katikati ya tiba tayari. Matibabu hayakusubiri jibu hilo, na hayakupaswa kulisubiri.

Kipimo cha VVU kilitolewa na mgonjwa akakubali. Majibu yalikuwa hasi. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya juu nchini, na fangasi waliosambaa kuliko kawaida ni sababu tosha ya kupima.

Swali la mgonjwa lina msingi

Ni rahisi kumcheka mwenye kitunguu na karafuu. Lakini wazo la kuunganisha mmea na dawa ya fangasi si la kijijini peke yake. Maabara nyingi duniani zinalifanyia kazi, na sababu ipo. Utando unaozunguka seli ya fangasi unategemea mafuta yanayoitwa ergosteroli, ambayo fangasi huyatengeneza hatua kwa hatua kutoka kemikali iitwayo skwaleni. Terbinafini, dawa ya fangasi ya hospitali, huziba kimeng'enya cha hatua ya mwanzo, skwaleni epoksidasi. Klotrimazoli, flukonazoli na ndugu zao huziba hatua ya mbele zaidi. Yujenoli ya karafuu, na timoli na karvakroli za mimea mingine yenye harufu, hazizibi mlango mmoja. Zinajipenyeza kwenye utando wenyewe na kuulegeza. Utando uliokwisha kukosa ergosteroli huvuja mapema zaidi, na utando unaovuja huruhusu dawa kuingia kwa wingi. Kwa hoja hiyo mbili hizi zinaweza kusaidiana kweli, na kwenye sahani husaidiana mara nyingi.

Haja nayo imekua. Trichophyton indotineae, aliyepewa jina hilo mwaka 2020 na kuenea kutoka Asia ya Kusini, mara nyingi ana mabadiliko kwenye jeni la skwaleni epoksidasi, na terbinafini haimshiki. Mtu aliyekwisha kuona dawa bora ikigoma hawezi kudharau msaidizi.

Kusaidiana kunapimwaje? Sahani ya vishimo 96, safu 8 kwa 12, hupangwa kama ubao wa drafti. Dawa ya hospitali hupunguzwa nusu kwa nusu kuelekea upande mmoja, ya mmea kuelekea upande mwingine, kila kishimo kikapata mchanganyiko wake. Zinatiwa mbegu za fangasi 1,000 hadi 3,000 kwa mililita, sahani inakaa nyuzi 35 kwa siku nne, kisha unatafuta kishimo cha mwisho kisichoota kitu.

Tuchukue namba za kufundishia. Terbinafini peke yake inazuia kwa mikrogramu 0.032 kwa mililita. Yujenoli peke yake kwa 256. Zikiwa pamoja, zinazuia kwa 0.008 na 64. Gawanya 0.008 kwa 0.032, unapata 0.25. Gawanya 64 kwa 256, unapata 0.25. Jumla 0.5. Ikiwa 0.5 au chini, huitwa kusaidiana. Zaidi ya 0.5 hadi 4, kila moja iko kivyake. Zaidi ya 4, zinapingana. Mpaka umewekwa chini hivyo kwa sababu kishimo kimoja cha makosa huongeza hesabu mara mbili. Anayetangaza ushindi kwa 0.75 anatangaza kelele za kipimo.

Sahani ina mitego yake pia. Mafuta ya mmea hayayeyuki kwenye maji. Bila kiyeyushi kama DMSO isiyozidi asilimia 1 hupanda juu na kuacha fangasi chini wakiogelea salama, na kiyeyushi chenyewe lazima kipewe vishimo vyake vya kulinganisha. Mvuke wake huruka hadi vishimo jirani, hivyo kishimo kisicho na karafuu kinaonekana kama kimezuiwa na dawa peke yake. Yujenoli nzito hulainisha plastiki ya sahani ikawa na ukungu, na msomaji akahesabu ukungu kama fangasi. Sehemu ya sifa za mafuta ya mimea imetokana na mitego hii.

Kati ya sahani na mkono

Kusaidiana kunahitaji vitu vitatu kwa mpigo: mahali pamoja, wakati mmoja, kiwango kinachofaa. Sahani huvigawa vyote bure. Mkono wa mfugaji hautoi hata kimoja.

Tuanze na kiwango, maana hapa ndipo watu hupotea. Mafuta ya karafuu huwa na yujenoli ya takribani asilimia 70 hadi 90. Mililita moja ya mafuta safi ina karibu mikrogramu 800,000, yaani zaidi ya mara elfu tatu ya ile 256 ya mfano wetu. Mgonjwa hakuwa na upungufu wa dawa. Alikuwa na ziada ya kuunguza. Kikomo cha usalama wa mafuta haya kwenye ngozi ni karibu asilimia 0.5. Tone moja la kawaida ni kama mililita 0.05, kwa hiyo asilimia 0.5 ni tone moja kwenye mililita 10 za mafuta ya kupaka. Yeye aliweka matone matano kwenye krimu isiyozidi gramu 1. Hiyo ni asilimia 20.

Mtu atauliza: hata asilimia 0.5 si ni mikrogramu 5,000 kwa mililita, mara 20 ya ile ya sahani? Ndiyo, kwenye karatasi. Ila yujenoli hupenda mafuta kuliko maji, hivyo sehemu kubwa hubaki ndani ya mafuta ya mgando yaliyoibeba. Nyingine hushikwa na protini na mafuta ya ngozi. Nyingine hupeperuka, ile harufu inayojaa chumba ni dawa inayoondoka mkononi. Na huyu mgonjwa fangasi wake wako ndani ya vinyweleo, chini ya mahali ambapo kupaka kunafika. Terbinafini ya kumeza hufika huko kwa njia nyingine, kupitia damu na mafuta ya ngozi, na hubaki kwenye tabaka la juu kwa wiki kadhaa. Moja imeshaondoka kabla ya chai ya saa nne, nyingine inapanda taratibu kutoka chini. Hazikutani.

Tena, kuchanganya ndani ya krimu huivunja. Krimu ni maji na mafuta yaliyoshikanishwa. Mafuta ya karafuu huachanisha muungano huo, unapata uji wenye vidimbwi, na huwezi kujua dawa imebaki upande upi. Na dawa yenyewe iliyokuwa humo ilibeba betamethasoni. Kwa maneno mengine, fangasi waliwekewa mlinzi na mshambuliaji kwenye kiganja kimoja.

Kitunguu saumu kina kosa la aina yake. Punje nzima haina alisini, kemikali yake kali. Huzaliwa dakika ileile unapoponda, kimeng'enya kinapokutana na malighafi yake, alini. Ni kali kwa fangasi na kali kwa ngozi, na kufunga kwa saa nane kunaizuia isipeperuke. Chumvi ilikwaruza njia. Ajoini, kemikali nyingine itokanayo na kitunguu saumu, imewahi kujaribiwa kwa wagonjwa wa fangasi wa miguu ikiwa krimu ya asilimia 0.4. Hiyo ni kemikali iliyotengwa, imepimwa, imewekwa kwenye krimu. Punje sita na kitenge ni habari tofauti.

Ndimu haikutumika hapa, lakini itajwe, kwa sababu itafuata kwenye orodha ya majirani. Maji ya ndimu kwenye ngozi, kisha jua la mita 1,500 na zaidi: malengelenge siku ya pili na weusi wa miezi.

Mseto wa mimea uliokwisha kupimwa

Watu husahau kuwa kabati la zahanati lina mseto wa asili ya mimea tangu mwanzoni mwa karne ya 20: mafuta ya Whitfield, asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3. Ya kwanza ilipatikana zamani kwenye utomvu wa miti ya jamii ya Styrax, ya pili ina historia yake kwenye magome ya mierebi. Leo zote hutengenezwa kiwandani. Benzoiki huzuia fangasi, salisiliki humenya gamba wanamoishi. Mgawanyo wa kazi ulio wazi, kwa bei ndogo, na kwa miaka mingi ulikuwamo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa mfamasia anayeyatengeneza: gramu 6 za benzoiki, gramu 3 za salisiliki, mafuta ya msingi hadi kufikia gramu 100. Saga unga mpaka usisikike kati ya vidole, upitishe kwenye chujio laini, usage tena na kijiko kimoja cha mafuta hadi uwe laini kabisa, ndipo uongeze mengine kidogo kidogo. Vaa barakoa, unga wa salisiliki hupigisha chafya za kutosha. Usitie unga kwenye mafuta yanayochemka, kwa kuwa benzoiki hugeuka mvuke na kuondoka, ukabaki na mafuta ya jina tu. Mwiko wa plastiki au wa kauri, si wa chuma kinachoshika kutu, maana salisiliki ikikutana na chuma hubadilika rangi. Mafuta yanayokwaruza kama mchanga yamesagwa vibaya, na mgonjwa atayaacha siku ya pili.

Alivyotibiwa

Krimu ya mseto ilisimamishwa siku hiyohiyo. Aliambiwa waziwazi kuwa muwasho utaongezeka kwa siku nne au tano baada ya betamethasoni kutoka. Asiyeambiwa hilo hurudi dukani jioni kununua tyubu nyingine. Kidonda cha pembe nne kilioshwa kwa maji safi, kikapakwa mafuta ya mgando matupu na kufunikwa kwa bandeji isiyogandamana, kubadilishwa kila siku. Hakuna dawa ya fangasi juu ya nyama mbichi.

Terbinafini miligramu 250, kidonge kimoja kwa siku, wiki nne. Kupaka peke yake kusingefika kwenye vinyweleo. Kabla ya kuanza aliulizwa kuhusu manjano ya macho, mkojo mweusi, dawa nyingine anazomeza, hasa rifampisini ambayo huiondoa terbinafini mwilini haraka, na pombe. Komoni ilikuwapo, ndoo ya Jumamosi. Kipimo cha ini kilifanyika, kikawa kizuri, na komoni ikasimama kwa mwezi. Kama terbinafini isingepatikana, griseofulvini ingefaa, pamoja na chakula chenye mafuta ili ifyonzwe. Kwa mwenye ng'ombe wa maziwa hilo si tatizo.

Siku ya 12 kidonda kilipofunga, Whitfield ilianza kwenye mabaka, si juu ya kovu jipya: asubuhi na jioni, sentimita 2 kupita ukingo. Vipimo vilihesabiwa naye pale. Mstari wa mafuta kwenye ncha ya kidole, kuanzia kikunjo cha kwanza, ni karibu gramu 0.5 na hutosha eneo la viganja viwili. Eneo lake lilikuwa viganja vinne, yaani gramu 1 kwa mara moja, gramu 2 kwa siku. Tyubu ya gramu 15 ingeisha siku ya nane, kwa hiyo alipewa kopo la gramu 50. Nusu ya "dawa imegoma" tunazosikia ni tyubu iliyoisha wiki ya kwanza.

Aliomba ruhusa ya kurudia karafuu, tone moja kwa mililita 10, kama tulivyohesabu. Alikataliwa. Kwa ngozi nzima na fangasi wa juujuu tungeweza kufikiria jaribio la siku saba kwenye eneo la ukubwa wa sarafu. Lakini yujenoli inajulikana kwa kuleta mzio, na ngozi iliyoungua ni mlango wazi wa mzio huo. Akiupata leo, ataubeba hata kwa daktari wa meno, anayetumia yujenoli kwenye dawa ya kuziba.

Ndama alitibiwa kwa glavu: magamba yakalowekwa, yakasuguliwa kwa brashi laini, yakakusanywa kwenye gazeti na kuchomwa, kisha mabaka yakapakwa povidoni ayodini mbali na macho. Nguzo za banda ndizo zilizochukua nguvu. Mbegu za fangasi huyu hukaa kwenye mbao kwa miezi mingi, na jiki hufa mara inapokutana na mavi. Kwa hiyo kwanza brashi ngumu na sabuni mpaka mbao ionekane, ndipo jiki sehemu 1 kwa maji 9, ikae dakika 10, madirisha wazi, ng'ombe nje.

Wiki ya pili vipele vilikuwa vimenywea. Wiki ya nne ukingo ulikuwa bapa, na hadubini ilionyesha vipande vya nyuzi vilivyokatika. Terbinafini ikaongezwa wiki mbili. Wiki ya sita hadubini haikuona kitu. Mstatili mweusi umebaki mkononi, na utakaa miezi kadhaa. Siku hiyo alikuja na mkewe, ambaye ndiye hukamua alfajiri. Ndama wa pili ameanza gamba juu ya jicho la kushoto, na mama alikuwa na duara moja dogo shingoni, upande anaoegemeza kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe. Lilikuwa kavu, halijapakwa kitu. Sampuli ilichukuliwa palepale, na kwenye fomu likaandikwa: ng'ombe, nyuzi 37, wiki nne.